Pakiti Itaje Kiasi, Si Jina Peke Yake

Hakuna duka la mtaani leo, liwe la Kariakoo au la kijiji kilicho mwisho wa njia ya basi, lisilouza vitafunio vitamu vya pakiti: biskuti, keki, chokoleti, peremende, chingamu, na kashata zilizofungwa katika nailoni. Kwa walaji wengi hivi ni vitu vya starehe ndogo, visivyohitaji kufikiriwa sana. Lakini wapo watu ambao, saa chache baada ya kula biskuti kadhaa, matumbo huwajaa hewa, huwanguruma, huwasokota, na pengine huwaharisha. Watu hao hawana homa wala minyoo, na vipimo vya choo havionyeshi kitu. Kila washikapo pakiti dukani hujiuliza swali moja: je, hiki kitanidhuru?

Hoja ya makala haya ni kwamba lebo ya pakiti, kama inavyoandikwa sasa, haiwezi kulijibu swali hilo. Mara nyingi humtisha mlaji mahali palipo na usalama, na kumtuliza mahali palipo na madhara. Sababu yake ni moja: lebo hutaja majina ya vitu bila kutaja kiasi chake, ilhali utumbo haujui majina, utumbo hujua gramu.

Sukari ambazo utumbo mwembamba huziacha zipite

Chakula cha wanga na sukari kikifika katika utumbo mwembamba huvunjwavunjwa na vimeng'enya mpaka kiwe chembe ndogo mno, kisha hunyonywa na kuingia katika damu. Sukari ya kawaida ya mezani huvunjwa kwa urahisi, na hali kadhalika wanga wa mchele na wa mahindi. Lakini ziko jamii kadhaa za sukari fupi ambazo ama hazivunjwi kabisa, ama hunyonywa polepole na kwa sehemu tu. Hizo huendelea na safari mpaka utumbo mpana, na mambo mawili hutokea. Kwanza, zingali njiani, huvuta maji na kuyaingiza ndani ya utumbo. Pili, zikifika katika utumbo mpana, bakteria wanaoishi humo huzichachua upesi na kutoa gesi, hasa haidrojeni na kaboni dioksidi, na kwa baadhi ya watu methani.

Sukari hizo wataalamu wamezikusanya chini ya jina moja, FODMAP, ambalo limefanyizwa kwa herufi za kwanza za maneno ya Kiingereza. Jina hilo lilitangazwa mwaka 2005 na Peter Gibson na Susan Shepherd wa Chuo Kikuu cha Monash, mjini Melbourne, Australia. Makundi yake ni matano. La kwanza ni fruktani, zilizomo katika ngano, vitunguu maji na vitunguu saumu. La pili ni galaktani, zilizomo katika maharage, dengu na korosho. La tatu ni laktosi, yaani sukari ya maziwa. La nne ni fruktosi pale inapozidi glukosi katika chakula kile kile, kama ilivyo katika asali na embe. La tano ni polioli, sukari za namna ya pekee kama sorbitoli, manitoli, zilitoli, maltitoli na isomalti, ambazo viwanda huzitia katika vitu vinavyouzwa kwa sifa ya kutokuwa na sukari.

Yafaa ieleweke kwamba sukari hizi si sumu. Hata mtu mwenye afya kamili, akila sahani kubwa ya maharage, utumbo wake hujaa gesi. Tofauti iko katika hisia. Mtu mwenye utumbo mwepesi kukereka, ugonjwa ambao madaktari huufupisha kwa herufi tatu IBS, huhisi kama maumivu makali kile ambacho mwenzake hukihisi kama shibe tu. Mwaka 2014 watafiti wa Monash walichapisha matokeo ya jaribio walilowafanyia wagonjwa 30 wa aina hiyo pamoja na watu 8 wenye afya. Kila mmoja alikula kwa siku 21 chakula chenye FODMAP chache, na kwa siku nyingine 21 chakula cha kawaida cha Kiaustralia. Katika kipimo cha dalili za tumbo kwa jumla kinachoanzia 0 hadi 100, wagonjwa walipata wastani wa 22.8 walipokuwa katika chakula cha kwanza, na 44.9 walipokuwa katika cha pili. Watu wenye afya hawakuona tofauti ya maana. Basi, jambo hili si la dhana wala si la deko. Ni jambo lililopimwa.

Lebo yasema nini, na yaficha nini

Kanuni kuu ya kimataifa ya kuandika lebo za vyakula vilivyofungashwa ilipitishwa mwaka 1985 na tume ya Codex Alimentarius, inayoendeshwa kwa pamoja na Shirika la Chakula na Kilimo na Shirika la Afya la Umoja wa Mataifa. Kanuni hiyo huagiza kwamba viambato vyote vitajwe kwa kufuata uzito, kilicho kizito zaidi kikitangulia. Kwa hiyo msomaji wa lebo ya biskuti aonapo unga wa ngano, kisha sukari, kisha mafuta, kisha unga wa maziwa, chumvi na asali, hujua kwamba unga ni mwingi kuliko sukari na asali ni haba kuliko chumvi.

Huo ni msaada, lakini ni msaada wa nusu njia. Mpangilio hueleza nani amemtangulia mwenziwe, hauelezi kwa hatua ngapi. Cha tatu katika orodha chaweza kuwa asilimia 25 ya uzito wote, na chaweza pia kuwa asilimia 6. Aidha, kiwanda kikitumia aina tatu za vitamu badala ya moja, tuseme asali, maji ya tufaha yaliyokolezwa, na sharubati ya mahindi yenye fruktosi, kila moja hushuka chini katika orodha kwa kuwa imegawanywa, na mlaji asiye makini huamini kwamba vitamu hivyo ni vichache.

Hapo ndipo waja waelekezi wenye nia njema na orodha za mambo yaliyoharamishwa: ngano usile, maziwa usile, asali usile. Mgonjwa huchukua orodha hiyo dukani, huisoma pakiti baada ya pakiti, na karibu kila pakiti hukuta jina moja lililokatazwa. Mwisho wake huwa mmoja kati ya miwili. Ama huacha kila kitu na kubaki akiogopa chakula, ama huchoka, huitupa orodha, na kurudi katika maumivu yake. Yote mawili ni hasara ambayo hesabu ndogo ingeliweza kuizuia.

Hesabu ya gramu

Watafiti wa Monash walichapisha mwaka 2017 mipaka wanayoitumia kukihesabu chakula kuwa na FODMAP chache katika mlo mmoja. Kwa vyakula vya nafaka na njugu, fruktani na galaktani kwa pamoja zisizidi gramu 0.3. Polioli zote kwa jumla zisizidi gramu 0.4. Laktosi isizidi gramu 1. Fruktosi iliyozidi glukosi isipite gramu 0.15. Mipaka hii imewekwa kwa tahadhari kubwa, ili iwafae hata wale walio wepesi mno kudhurika.

Na ichukuliwe sasa, kwa mfano tu, biskuti ya kawaida yenye uzito wa gramu 8, ambayo asilimia 60 yake ni unga mweupe wa ngano, asilimia 2 ni unga wa maziwa yaliyotolewa mafuta, na asilimia 2 ni asali. Kwa orodha ya makatazo, biskuti hii ina makosa matatu na haistahili hata kuguswa. Hesabu yasemaje?

Unga mweupe wa ngano una fruktani za gramu 1 hivi katika kila gramu 100, pengine zaidi kidogo. Biskuti mbili zina uzito wa gramu 16, na ndani yake unga ni kama gramu 10. Fruktani zake ni kama gramu 0.1, yaani theluthi moja ya mpaka. Unga wa maziwa yaliyotolewa mafuta, karibu nusu yake ni laktosi. Biskuti mbili zina unga huo gramu 0.32, na laktosi yake haifiki hata gramu 0.2, mpaka ukiwa gramu 1. Asali ina fruktosi gramu 38 hivi na glukosi gramu 31 hivi katika kila gramu 100, kwa hiyo ziada ni kama gramu 7. Asali iliyomo katika biskuti mbili ni theluthi moja ya gramu, na ziada yake ya fruktosi ni kama gramu 0.02, kiasi kisicho na uzito wowote katika jambo hili. Biskuti iliyohukumiwa kwa makosa matatu, kwa mlaji wa biskuti mbili, haina kosa hata moja.

Lakini hesabu hiyo hiyo hubadilika mlaji amalizapo pakiti nzima ya gramu 100. Fruktani sasa zafikia gramu 0.6 au zaidi, mara mbili ya mpaka, na laktosi yafikia gramu 1 kamili. Asali peke yake ingali karibu na mpaka wake bila kuupita. Yaani kilichomdhuru mlaji huyu si asali iliyochorwa kwa nyuki na mzinga juu ya pakiti, bali ni unga wa ngano, ambao hakuna aliyeutilia shaka, na idadi ya biskuti, ambayo hakuna aliyeihesabu.

Kuhusu maziwa kuna neno zaidi la kusema kwa watu wa Afrika Mashariki. Binadamu wazima walio wengi duniani hupungukiwa na kimeng'enya cha kuvunja laktosi baada ya utoto. Hata hivyo, mwaka 2007 Sarah Tishkoff na wenzake walichapisha uchunguzi wa watu 470 wa Tanzania, Kenya na Sudan, wakaonyesha kwamba miongoni mwa jamii za wafugaji wa sehemu hizi kumezuka mabadiliko ya jeni, tofauti na yale ya Ulaya, yanayomwezesha mtu mzima kuendelea kuyasaga maziwa. Hivyo watu wawili wa mtaa mmoja, mmoja wa ukoo wa wafugaji na mwingine wa ukoo wa wakulima, huenda wakala chokoleti moja ya maziwa na kupata matokeo mawili. Tena, hata mtu asiye na kimeng'enya hicho kwa kawaida huweza kuvumilia laktosi ya gramu 12 kwa mara moja pasipo dalili kubwa. Kwa mtu kama huyo, unga wa maziwa uliotajwa mwishoni mwa orodha ya biskuti si sababu ya kuirudisha pakiti rafuni.

Penye sifa ndipo penye mtego

Ikiwa majina yanayotisha mara nyingi hayana neno, yako maneno mengine yanayopendeza na ambayo ndiyo ya kutiliwa shaka. La kwanza ni lile linalosema kwamba kitu hakina sukari. Sukari ya mezani haimo miongoni mwa FODMAP. Iondolewapo na mahali pake pakawekwa maltitoli au sorbitoli, kitu kisichokuwa na dhara kwa mwenye utumbo mwepesi kukereka kimeondolewa, na chenye dhara kimeingizwa. Biskuti yenye polioli asilimia 10 tu, kwa biskuti mbili za gramu 8, ina polioli gramu 1.6, yaani mara nne ya mpaka. Peremende ngumu isiyo na sukari huweza kuwa karibu yote ni polioli, nayo huliwa moja baada ya nyingine bila hesabu.

Mwaka 2008 madaktari wa Berlin waliandika katika jarida la tiba la Uingereza, British Medical Journal, habari za wagonjwa wawili. Mmoja alikuwa mwanamke wa miaka 21 aliyeharisha kwa miezi minane na kupungua kilo 11. Wa pili alikuwa mwanamume wa miaka 46 aliyepungua kilo 22. Walipimwa kwa kila njia bila kuonekana kitu. Hatimaye walipoulizwa juu ya chakula chao, ilidhihirika kwamba mwanamke alikuwa akitafuna chingamu zilizompa sorbitoli ya gramu 18 hadi 20 kwa siku, na mwanamume alikuwa akipata gramu 30 hivi kwa chingamu na peremende. Kila kipande cha chingamu kilikuwa na gramu 1.25 hivi. Walipoacha, kuharisha kulikoma, na uzito ukaanza kuongezeka. Wagonjwa hao hawakuwa na utumbo mwepesi kukereka. Walikuwa watu wa kawaida waliozidisha. Basi kwa mwenye ugonjwa wenyewe, kipande kimoja tu chapita mpaka mara tatu.

Mtego wa pili ni sifa ya nyuzinyuzi. Viwanda vingi hukoleza biskuti na baa za nafaka kwa inulini, ambayo ni fruktani safi inayokamuliwa katika mizizi ya chikori. Baa moja ikitiwa gramu 5 za inulini, imepita mpaka wa fruktani zaidi ya mara kumi na tano, na bado hutangazwa kuwa rafiki wa tumbo. Mtego wa tatu ni sifa ya kutokuwa na gluteni. Gluteni ni protini ya ngano, wala si sukari. Biskuti isiyo na gluteni huenda ikawa ya unga wa mchele na sukari, ikafaa kabisa. Na huenda ikawa ya unga wa dengu, tende na asali nyingi, isifae hata kidogo. Tende nazo, ambazo siku hizi hutengenezewa vitafunio vya kusifiwa kuwa vya asili, zina fruktani na fruktosi kwa wingi, na uasili wake hauzipunguzi.

Anayelipa gharama ya ukimya huu

Huenda mtu akasema kwamba haya ni maneno ya wachache wenye nafasi ya kuchagua vyakula. La hasha. Na afikiriwe mzee mwenye kisukari, anayetumia dawa ya metformini kama maelfu ya wenzake. Ameambiwa aepuke sukari. Mtoto wake, kwa mapenzi na heshima, humletea kila mwisho wa mwezi biskuti na peremende zisizo na sukari, ambazo bei yake ni kubwa kuliko zile za kawaida. Mzee huharisha. Metformini yenyewe hujulikana kwa kuharisha baadhi ya watumiaji, kwa hiyo mzee huilaumu dawa na kuiacha. Sukari yake ya damu hupanda, na pakiti iliyomharisha ingali mezani. Au hupewa dawa ya amiba mara moja, mara mbili, mara tatu, kwa ugonjwa asiokuwa nao. Lau pakiti ile ingaliandikwa kwa Kiswahili kwamba kila biskuti ina gramu fulani za maltitoli, na kwamba zikizidi huharisha, lawama ingalikwenda mahali pake siku ya kwanza.

Katika nchi za Umoja wa Ulaya onyo hilo ni la lazima tangu zamani: chakula chenye polioli zilizoongezwa kwa zaidi ya asilimia 10 sharti kiandikwe kwamba kula kingi huweza kuharisha. Bidhaa zitokazo huko hufika Afrika Mashariki na onyo lake, lakini limeandikwa kwa lugha ambazo mzee yule hazisomi, kwa herufi ndogo nyuma ya pakiti.

Hoja za kupinga

Wenye viwanda husikika wakisema kwamba kutaja viasi ni kutoa siri ya biashara. Hoja hii haina nguvu nyingi. Kanuni ile ile ya Codex tayari huagiza kwamba kiwanda kikikitukuza kiambato fulani, kama vile kuchora asali juu ya pakiti, sharti kitaje asilimia yake. Ikiwa ni haki mlaji kujua kiasi cha kile kinachomvutia anunue, haiwezi kuwa dhuluma kumjulisha kiasi cha kile kinachomwumiza. Tena hapana anayetaka mapishi yote. Yanayotakiwa ni mambo mawili tu: gramu za polioli, na gramu za inulini na fruktani nyingine zilizoongezwa, kwa kila gramu 100 na kwa kila kipande. Gharama ya kupima haipo, kwa sababu vitu hivi havitoki shambani vikiwa vimejificha ndani ya chakula. Hununuliwa kwa magunia, hupimwa kwenye mizani ya kiwanda, na uzito wake umo katika daftari la kila mchanganyiko.

Wengine hupendekeza muhuri. Australia ziko alama zinazobandikwa juu ya bidhaa zilizopimwa maabara na kuonekana kuwa na FODMAP chache. Alama hizo ni msaada wa kweli, wala hazistahili kudharauliwa. Lakini muhuri hulipiwa, na anayeulipia ni kiwanda kikubwa chenye soko la wateja wa namna hiyo. Mama anayefunga kashata zake Tanga au Mombasa hataweza kuulipia, na bidhaa yake itaonekana ya kushukiwa, ingawa kashata ya karanga, iliyo karanga na sukari tu, yafaa ikiliwa kwa kiasi kuliko biskuti nyingi za ng'ambo. Hali ni hiyo hiyo kwa vileja vya Unguja vya unga wa mchele, samli na sukari. Muhuri humwambia mlaji amwamini mwenye muhuri. Tarakimu humpa uwezo wa kuamua mwenyewe, na haibagui mkubwa na mdogo.

Wapo pia wanaohofu kwamba tarakimu nyingi zitawachanganya wananchi. Mwananchi huyo ndiye anayehesabu nauli, bei ya mafuta ya taa na kipimo cha dawa ya mtoto. Kinachomchanganya si tarakimu, bali ni majina ya kemia katika lugha ya kigeni pasipo tarakimu.

Mlaji afanyeje kwa sasa

Mpaka hapo lebo zitakapobadilika, mlaji anaweza kuisoma pakiti kwa utaratibu wa hatua nne. Kwanza aangalie polioli, kwa kuwa hizo ndizo zenye nguvu kwa kiasi kidogo. Zikiandikwa kwa namba, sorbitoli ni E420, manitoli E421, isomalti E953, maltitoli E965, laktitoli E966 na zilitoli E967. Eritritoli, E968, hunyonywa karibu yote kabla ya kufika utumbo mpana, nayo haina matata makubwa. Pili atafute inulini au nyuzinyuzi za chikori. Iwapo lebo yaonyesha nyuzinyuzi nyingi katika biskuti ya unga mweupe, hiyo ni dalili kwamba zimeongezwa. Tatu aitumie chumvi kama alama ya njia: chumvi katika biskuti tamu kwa kawaida haizidi gramu 1 hivi katika gramu 100, kwa hiyo asali au unga wa maziwa uliotajwa baada ya chumvi ni haba mno. Lakini polioli na inulini asizisamehe kwa kuwa nyuma ya chumvi, mpaka ajue kiasi. Nne ahesabu vipande atakavyokula kweli, si vile ambavyo kiwanda kimeandika kuwa ni mlo mmoja.

Tahadhari mbili ni za lazima. Ya kwanza ni kwamba mtu asijipe ugonjwa huu mwenyewe. Damu katika choo, kupungua uzito bila sababu, homa, upungufu wa damu, au kuharisha kunakomwamsha mtu usiku ni mambo ya kupelekwa hospitali, si ya kutafutiwa biskuti nyingine. Ya pili ni kwamba mlo huu haukukusudiwa kuwa wa maisha. Kipindi cha kujinyima ni cha majuma mawili hadi sita. Baadaye makundi hurudishwa moja moja, ili mtu ajue ni lipi hasa linalomdhuru na kiasi gani anachoweza kukivumilia. Uchunguzi uliochapishwa Uingereza mwaka 2012 ulionyesha kwamba kujinyima huko hupunguza bakteria wa jamii ya bifido, wanaohesabiwa kuwa na manufaa. Anayeendelea kujinyima maharage na vitunguu kwa miaka kwa hofu tu, ameacha ugonjwa mmoja na kujitengenezea umaskini wa lishe.

Sayansi imekwisha kufanya sehemu yake kubwa: imezitambua sukari hizi, imezipima, na imeonyesha mipaka. Sehemu iliyosalia ni ya mashirika ya viwango ya nchi za Afrika Mashariki, ambayo yana uwezo wa kuagiza mstari mmoja zaidi katika lebo ya kila kitafunio kilichotiwa polioli au inulini, uandikwe kwa Kiswahili kinachosomeka, ukitaja gramu kwa kila kipande pamoja na onyo la kuharisha pale linapostahili. Mstari huo hautamponya mgonjwa, lakini utamwezesha kula biskuti mbili bila hofu, na kuirudisha rafuni pakiti ile inayosifiwa kuwa haina sukari, akijua kwa nini.